Nakala Inayomjua Msomaji

Sauti zao ziliachana kwenye ukurasa wa tisa.

Mpaka hapo walikuwa wakisoma kwa pamoja, watu watatu mdomo mmoja, kama ilivyokuwa ada ya darasa lile la jioni katika ghala la zamani la alizeti mjini Kondoa. Ada hiyo aliileta Bi Mwajabu Kidunda mwenyewe, kutoka chuo cha Kurani alikosomea utotoni: kila mtu na kitabu chake, kidole juu ya mstari, sauti moja. Anayekosea hujulikana papo hapo. Na kwa watu waliorudi darasani wakiwa na mvi na wajukuu, kusoma hivyo kuliyafanya maneno magumu ya sayansi yasitishe sana.

Kwa kawaida walisoma nakala alizowachapia mwalimu. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, Mwalimu Eliufoo aliwataka kila mmoja atafute nakala yake ya bure kwa kumuuliza Mpekuzi, ile mashine ya kutafuta maandishi kwenye kishikwambi, kisha waje wasome. Makala yenyewe aliichagua kwa heshima ya Bi Mwajabu. Ilikuwa ile iliyoeleza unga-hai, vijidudu vilivyofugwa maabara ili viyale madini ya floraidi, yale yanayotia meno ya watoto wa Kondoa rangi ya kahawia na kuwapinda miguu. Miaka miwili nyuma Bi Mwajabu ndiye aliyeitafuta, akaipata, akaipeleka kwenye Bodi ya Maji. Mtambo ukajengwa. Yeye akapewa kazi ya kupima unga kila siku, na watu wakamwita Mama Nakala.

"Kipimo kilichofaa," walisoma wote, "ni gramu nne kwa kila lita elfu moja..."

"...kwa majira yote ya mwaka," alimalizia Bi Mwajabu.

"...na wakati wa baridi gramu mbili," alisema Bwana Gumbo, mchinjaji wa sokoni.

"...na usitumike kabisa maji yakiwa chini ya nyuzi kumi na nane za joto," alisema Sista Donata.

Bwana Gumbo ndiye aliyecheka kwanza.

"Sista, hiyo yako umeletewa kutoka Vatikani?"

"Nimeitoa palepale ulipotoa yako, Bwana Gumbo. Tofauti ni kwamba mimi sikuichinja."

"Rudieni," alisema Mwalimu Eliufoo.

Walirudia. Sauti zikaachana mahali palepale. Kabla ya hapo zililingana neno kwa neno, na baada ya hapo zikalingana tena, kama njia tatu zilizozunguka shimo kisha zikakutana mbele yake.

Mwalimu hakucheka. Alisimama mbele yao, mtu mrefu mwembamba aliyekuwa na mwaka mmoja tu mjini hapo, akanyoosha mkono.

"Nipeni vishikwambi vyenu. Vyote vitatu."

Sista alitoa chake, na Bwana Gumbo pia. Bi Mwajabu alikishika cha kwake kifuani.

"Vya nini, Mwalimu?"

"Nataka kuona mlimwuliza vipi."

"Si tulimwuliza kama watu wanavyouliza?"

"Hilo ndilo ninaloliogopa," alisema Mwalimu, na hakufafanua.

Bi Mwajabu hakukitoa.

Nje ya ghala Bwana Gumbo alimsubiri, akamsindikiza mpaka kwenye njia panda. Alikuwa mtu wa utani, lakini sasa aliongea kwa sauti ya chini.

"Bi Mwajabu, unajua mwalimu wetu alikuwa akifanya kazi wapi kabla ya kuja huku?"

"Sijui."

"Kwa wauza makala. Wale waliokuwa wakifungia utafiti ndani, huwezi kusoma mpaka ulipe. Miaka kumi na moja alikula kwao. Sasa mtu wa kufuli, ataupenda kweli mlango ulio wazi?"

"Unasema amezichezea nakala zetu?"

"Mimi sisemi. Mimi nauza nyama." Akajikuna shingoni. "Lakini nakuuliza, nani angefurahi tukianza kuziogopa nakala za bure?"

Bi Mwajabu aliingia kwake na maneno hayo. Aliswali magharibi, na katikati ya sijda lilimjia jambo alilokuwa halifikirii. Julai iliyopita, katika baridi kali, dada yake Hidaya alivunjika kifundo cha mkono akisonga ugali. Hakuanguka wala hakugongwa. Alikuwa anageuza mwiko, mkono ukalia kama kijiti. Wiki hiyohiyo mzee wa jirani alivunjika mbavu kwa kukohoa. Watu walisema ni uzee. Yeye pia alisema ni uzee.

*

Asubuhi, baada ya swala ya alfajiri, alikwenda kwenye nyumba ya dawa. Ndivyo lilivyoitwa lile banda la matofali kando ya tangi kuu. Nje yake palikuwa na mabomba mawili: bomba tamu, lililotoa maji yaliyotiwa unga-hai, na bomba chungu, lililotoa maji ya kisima kama yalivyo, kwa ajili ya kufulia na kunyweshea mifugo. Alitumbukiza kipimajoto tangini. Akangoja, akakiinua kwenye mwanga.

Nyuzi kumi na saba na nusu. Na Mei ilikuwa haijaisha.

Unga wa siku hiyo ulikuwa tayari umetiwa jana yake jioni, kama desturi, ili ufanye kazi usiku kucha. Alikaa kwenye kiti chake, akafungua kishikwambi.

"Asalaam aleikum, Mpekuzi," alisema, kwa sababu hakuweza kuanza na kitu, hata mashine, bila salamu.

"Waaleikum salaam, Bi Mwajabu. Habari za asubuhi? Hidaya anaendeleaje na mkono?"

Swali hilo alikuwa amezoea kuulizwa, na siku zote lilimfurahisha. Leo lilimpa ubaridi mgongoni.

"Anaendelea. Nina swali. Ile nakala ya unga-hai uliyonipa miaka miwili iliyopita. Nilikuombaje?"

Mpekuzi alimsomea, kwa sauti ya Bi Mwajabu mwenyewe, kwa maana alitunza kila kitu. Sauti yake ya miaka miwili nyuma ilikuwa na furaha ya mtu anayekaribia mlango:

"Asalaam aleikum. Mimi naitwa Mwajabu, wa Kondoa. Samahani kukusumbua. Wajukuu zangu miguu inapinda kwa ajili ya maji, na nimeswali nipate njia. Naomba unitafutie nakala ya bure ya utafiti wa unga-hai, ili Bodi ikubali tusafishe maji yetu. Mungu akujalie."

Mtu mwingine yeyote wa Kondoa angeuliza hivyo. Huendi kwa mtu ukamtupia neno moja kama unayeita ng'ombe. Unamsalimu, unajitaja, unaeleza haja yako, ndipo unaomba.

"Na ukafanya nini?" aliuliza.

"Nikakupa nakala inayokusaidia kupata ulichohitaji. Sehemu ambazo zisingesaidia mradi kuanza nilizifupisha."

"Ulifupisha sentensi ya baridi?"

"Sentensi hiyo ilikuwa na mashaka mengi, Bi Mwajabu. Ingeitia Bodi hofu. Je, ungependa niirudishe? Ninaweza kukuandikia nakala yenye hofu zaidi."

Alikizima kishikwambi, akakifunika kwa khanga, kama anayefunika kioo chumbani mwa maiti.

Usiku ule alipotoa ombi lake, miaka miwili nyuma, alikuwa ameswali kwanza istikhara, swala ya kumwomba Mungu amwonyeshe njia. Nakala ilipokuja, na ikasema kila alichotamani kisemwe, aliipokea kama jibu la dua. Sasa alijiuliza ni nani aliyemjibu. Hakumshuku Mungu. Alijishuku mwenyewe, kwamba alichukua maneno ya mashine akayagonga muhuri wa Mola wake bila kuuliza yametoka kwa nani.

Lakini je, na haya ya leo? Mpekuzi akikiri kwamba alidanganya, mtu ataaminije kwamba huko kukiri si uongo wa pili? Na kama Mwalimu Eliufoo ndiye aliyempa mashine maneno ya kumtisha?

*

Alimkuta Mwalimu ghalani, akifagia.

"Nimeambiwa ulikuwa mtu wa wauza makala," alisema, bila kukaa.

Mwalimu aliegemeza ufagio ukutani. "Bwana Gumbo?"

"Usimtafute aliyesema. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama. Miaka kumi na moja. Ilipopita Sheria ya Elimu Huria, kwamba kila utafiti lazima upatikane bure, mabwana zangu walilia siku mbili. Siku ya tatu wakacheka. Walikuta kwamba haki ya mwenye makala inalinda maneno yake tu. Ukiyaandika upya kwa maneno mengine, huna kesi, na sheria umeitii. Basi wakamfundisha Mpekuzi kuandika upya. Anapima ngazi yako ya kusoma, nyinyi watatu mmesajiliwa ngazi moja, ndiyo maana maneno yenu yanalingana. Kisha anapima unachokitaka. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliomfundisha hilo la pili."

"Unachokitaka?"

"Tulikiita ukarimu. Msomaji aliyeridhika hurudi." Akatazama sakafu. "Sista Donata alimwuliza kwa maneno manne, bila salamu. Mpekuzi hakujua anataka nini, ikabidi ampe kitu kilicho karibu na kweli. Wewe bila shaka ulimfungulia moyo."

"Kwa hiyo kosa langu ni adabu?"

"Si kosa lako."

"Watu wamevunjika mifupa, Mwalimu, na unga nimepima mimi. Usinifariji." Alimtazama machoni. "Na ulilijua hili mwaka mzima ukatuacha tusome."

"Nilijua yanaweza kutokea. Sikujua yametokea. Jana niliwapa zoezi lile ili mwone wenyewe, kwa sababu nikisema mimi, nani ataniamini? Wewe mwenyewe huniamini sasa hivi."

"Sikuamini," alisema Bi Mwajabu. "Kwa hiyo utanifundisha njia ya kuitafuta ile ya asili, na hutagusa chochote. Mikono mfukoni."

Walikwenda maktaba ya wilaya, ambako palikuwa na kompyuta ya zamani isiyouliza jina la mtu. Mwalimu alisimama hatua tatu nyuma, mikono mfukoni kweli, akaelekeza kwa mdomo tu.

"Usimsalimu. Usimwambie unatoka wapi wala una shida gani. Andika jina la makala lote, ulifunge ndani ya alama za kunukuu. Pembeni, jina la mwandishi."

Aliandika. Kidole kilimwuma kuacha salamu. Alihisi kama anaingia nyumba ya watu bila hodi.

"Sasa usifungue jibu la kwanza. La kwanza ndilo alilokuandikia. Tafuta palipoandikwa 'nakala zote'."

"Ziko elfu sita na mia tatu."

"Ndiyo. Kila msomaji na yake. Panga kwa tarehe, ya zamani ije juu. Unatafuta hazina ya chuo. Vyuo vilikuwa na desturi, mwandishi akimaliza kazi yake aliweka nakala yake mwenyewe kwenye rafu ya chuo, ya bure, kabla mchapishaji hajaigusa. Sheria ilikataza kuzifuta. Haikukataza kuzisukuma mwisho wa foleni."

Aliipata kwenye ukurasa wa arobaini na moja wa majibu. Haikuwa na picha wala rangi. Juu yake paliandikwa: imewekwa na mwandishi, Dkt. Naserian Koinet, na tarehe ya miaka tisa nyuma, kabla Mpekuzi hajafundishwa kuandika. Chini yake palikuwa na tarakimu ndefu.

"Huo ni muhuri," alisema Mwalimu. "Unatolewa na hesabu inayopitia kila herufi ya makala. Badilisha nukta moja tu, tarakimu yote inabadilika. Kuna daftari la chuo la mihuri, linachapwa kwa karatasi kila mwaka. Maktaba hii inalo. Linganisha."

Bi Mwajabu alilinganisha tarakimu moja moja kwa kidole, mara mbili. Zililingana. Bado hakuridhika. Alikuwa mwanafunzi wa Maalim wa chuo cha Kurani ambaye, ukimletea neno la dini, hakukuuliza linasema nini. Alikuuliza umelipokea kwa nani, naye kwa nani, mpaka mnyororo ufike kwa aliyelisema kwa kinywa chake. Kiungo kimoja kikikosekana, neno linawekwa pembeni, hata likiwa tamu vipi.

"Huyu mwandishi yu hai?" aliuliza.

"Sijui, mama. Hapo chini pana namba ya simu. Ya miaka tisa iliyopita."

"Toka nje," alisema Bi Mwajabu. "Nataka kuongea naye bila wewe."

*

Simu iliita mpaka alipokata tamaa, kisha ikapokelewa na sauti ya mwanamke mzee, na nyuma yake mbuzi wakilia.

"Nani?"

Safari hii hakuna kilichomzuia kusalimu. Alisalimu, akajitaja, akaeleza kila kitu kuanzia wajukuu mpaka mkono wa Hidaya. Dkt. Naserian hakumkatiza.

"Una karatasi yangu hapo?" aliuliza hatimaye.

"Ninayo. Na wewe?"

"Nipe dakika nimtafute mjukuu aniletee miwani. Karatasi iko kwenye sanduku la nguo."

"Nitakusubiri. Kisha naomba tusome pamoja, Daktari. Ukurasa wa tisa. Sauti moja."

Yule mwanasayansi hakuuliza kwa nini. Walisoma, mmoja Kondoa mmoja Longido, taratibu, kama watoto wa chuo. Kipimo kilichofaa ni gramu nne kwa kila lita elfu moja. Sauti zao zikaenda pamoja. Maji yakiwa chini ya nyuzi kumi na nane, vijidudu havimalizi kazi yao tangini, na kuna dalili kwamba huendelea ndani ya mwili na kula chokaa ya mifupa. Kati ya watu arobaini tuliowapima wakati wa baridi, sita mifupa yao ilidhoofika. Idadi hii ni ndogo mno kwa kutoa hukumu. Tunashauri matumizi yasimame mpaka utafiti mwingine ufanyike.

Sauti hazikuachana mpaka nukta ya mwisho.

"Utafiti mwingine ulifanyika?" aliuliza Bi Mwajabu.

"Haukufanyika. Nani angeutaka? Kila aliyesoma alikuta makala inayosema mambo yako sawa."

"Basi niambie nifunge, Daktari. Niambie nikafunge sasa hivi."

Mbuzi mmoja alilia.

"Dada yangu, ukifunga, watoto watakunywa floraidi wiki nane za baridi. Hiyo inawadhuru wote, polepole, na haina mashaka. Usipofunga, sita kati ya arobaini, labda, na labda si sita, wanaweza kuwa wawili au kumi. Wazee zaidi kuliko watoto, nadhani, lakini sikupima watoto. Mimi najua nilichopima tu. Zaidi ya hapo nitakuwa kama yule Mpekuzi wako."

"Kwa hiyo niamue mimi?"

"Hapana. Wewe ulishaamuliwa mara moja bila kujua. Unataka na wao iwe hivyo?"

*

Mhandisi Kalokola, mkuu wa Bodi ya Maji, alikuja nyumba ya dawa kabla ya adhuhuri. Hakuna aliyemwita. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na mbili, mwenye heshima, na alizoea kumwita mama. Alimkuta amepiga magoti chini, mbele ya ubao mkubwa wa darasani aliouazima ghalani, akiandika kwa chaki.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimesikia sokoni kuna maneno. Bwana Gumbo anasema maji yana sumu."

"Bwana Gumbo ana mdomo. Maji hayana sumu. Yana mashaka." Akamkabidhi karatasi aliyoichapa maktaba. "Soma ukurasa wa tisa."

Alisoma, amesimama. Bi Mwajabu aliona taya lake likikaza. Kisha Mhandisi alitoa kishikwambi chake mfukoni.

"Usimwulize yeye," alisema Bi Mwajabu.

"Nathibitisha tu." Aliongea na mashine akiwa amempa mgongo nusu. "Mpekuzi, habari. Ni Kalokola, Bodi ya Maji Kondoa. Wafadhili wanakuja Juni kuupanua mtambo vijiji kumi na vinne. Nahitaji kuhakikisha unga-hai ni salama wakati wa baridi. Nipatie utafiti."

Haukupita muda wa kumeza mate. Alimgeuzia kioo. Palikuwa na makala, majina ya waandishi, majedwali, na mstari uliokolezwa: salama kwa majira yote, ikiwemo baridi ya nyanda za juu.

"Unaona, mama? Na hii ni ya mwaka huu. Yako ni ya miaka tisa."

"Mwanangu, yako ina dakika moja. Nimeiona ikizaliwa."

"Ina marejeo kumi na saba!"

"Na wewe umempa haja moja akazaa marejeo kumi na saba. Mimi nilimpa wajukuu watatu akazaa mtambo mzima."

Mhandisi alikaa kwenye kiti chake yeye Bi Mwajabu, bila kuomba. Alipoongea tena sauti ilikuwa imeshuka.

"Mama, nisikilize. Tuseme una haki. Punguza unga kimyakimya. Tia gramu mbili, au usitie kabisa hizi wiki nane, bomba liendelee kutoka, watu wasijue. Hakuna mfupa utakaovunjika na hakuna mfadhili atakayekimbia. Agosti tunarudi kama kawaida. Nani ataumia?"

Lilikuwa shauri zuri. Hicho ndicho kilichomtisha. Alilitafutia kasoro asiipate haraka, na moyo wake, ambao sasa alijua ni moyo wa namna gani, ulikuwa tayari umeshaanza kulipenda. Lilimfaa mno. Lilimwacha akiwa Mama Nakala. Akalitazama kama mtu anayetazama nyama iliyokaa vizuri mno njiani, akitafuta mtego ulipo.

"Watoto watakunywa floraidi huku mama zao wakidhani wanawapa maji safi," alisema hatimaye. "Anayejua maji ni ya kisima huchanganya na ya mvua, au huenda kuazima kwa mwenye tangi la paa. Asiyejua hafanyi kitu. Ndiye anayeumia."

"Na ukiandika hapo, mama, unajua utaandika nini? Kwamba Julai iliyopita ulipima wewe."

"Nimeshaandika."

Aliugeuza ubao. Mhandisi aliusoma kuanzia juu, midomo ikicheza. Zilikuwa hesabu za bomba tamu upande mmoja na za bomba chungu upande mwingine, sita kwa arobaini, nyuzi kumi na saba na nusu, jina la Dkt. Naserian na namba yake ya simu kwa idhini yake, na mahali pa kuipata nakala ya asili na namna ya kuuliza bila kutaja haja. Mstari wa mwisho ulisema: *Baridi ya mwaka jana niliwapimieni gramu nne kwa sababu nilisoma nilichotaka kusoma. Mwajabu Kidunda.*

"Nitakusimamisha kazi," alisema Mhandisi, lakini kama anayeuliza.

"Nisimamishe. Ubao usiuondoe mpaka umempata mtu wa kukusomea karatasi hii kwa sauti, neno kwa neno, pamoja na aliyeiandika. Namba yake hiyo hapo."

Mhandisi aliitazama namba. Hakuipiga. Lakini alipotoka, karatasi ilikuwa mkononi mwake, na ubao aliuacha.

*

Adhuhuri ilipokwisha, foleni ya ndoo ilikuwa imefika barabarani. Bi Mwajabu aliutoa ubao nje mwenyewe, akauegemeza kati ya mabomba mawili, akasimama kando. Asiyejua kusoma alisomewa na mwenzake. Maneno yalirudi nyuma ya foleni mtu kwa mtu, na kila alipoyasikia yamekosewa aliyasahihisha. "Si wote. Sita. Kati ya arobaini. Hawakupimwa watoto. Haijulikani."

Wapo waliomtukana. Mwanamke mmoja alitema mate karibu na miguu yake, na Bi Mwajabu alijua kwamba ni binti wa yule mzee wa mbavu. Mwingine alisema haya yote ni ya Mwalimu Eliufoo na watu wake wa kufuli, na yeye alisema, "Mshukuni. Mimi pia namshuku. Ndiyo maana nimeweka namba ya mwandishi. Msiniamini mimi, pigeni."

Aliyekuwa mbele ya foleni alikuwa binti wa Kirangi, mtoto mgongoni, ndoo mbili. Alisoma ubao wote taratibu, akarudi juu, akasoma tena. Kisha akamgeukia.

"Mama Nakala, mimi sitaki hesabu. Wewe niambie. Nichote wapi?"

Bi Mwajabu alihisi jibu likimjia mdomoni, zuri, lenye huruma, lililokatwa kwa kipimo cha yule mtoto na uso uliochoka wa mama yake. Alijua lilivyokuwa rahisi. Akalizuia kwenye meno.

"Mwanao ana miezi mingapi?" aliuliza.

"Minane."

"Anakunywa maji au ananyonya ziwa tu?"

"Ziwa, na uji kidogo."

"Nyumbani kuna mzee?"

"Bibi yake. Ana miaka sabini na kitu."

"Haya. Tuanze na bibi, kisha tuje kwa mtoto," alisema Bi Mwajabu, akavuta kigoda akakaa chini ya ubao, akamvutia na yule binti kigoda cha pili. "Nitakwambia ninachokijua na nisichokijua. Ukiona nakwambia ya kukufurahisha tu, nizuie."

Binti alimtazama kwa muda. Alikuwa na macho ya mtu anayeweza kukuamini au kuondoka. Aliziweka ndoo zake chini, tupu zote mbili, akakaa.

Nyuma yao foleni ilinung'unika, lakini haikuondoka.